Mlinzi wa ghala naye aulizwe kibali

Mfanyabiashara wa mahindi pale Sirari au Mugumu akishafunga duka jioni, mali yake yote hubaki mikononi mwa mtu mmoja mwenye tochi, rungu na koti zito. Mara nyingi mtu huyo hana mkataba, na hiyo inayoitwa kampuni yake haina hata ofisi.

Si kwamba sheria imenyamaza. Kampuni husajiliwa BRELA na kupata kibali cha polisi, na bunduki haishikwi bila leseni, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, ilitunga sheria ya ulinzi binafsi mwaka 2016, inayotaka hata mlinzi mmoja mmoja asajiliwe.

Hapo ndipo penye kiini. Ghala likivunjwa, mwenye kampuni hubadili namba ya simu, na mkulima hubaki na deni la mbolea. Heri adai mapema nakala ya kibali, mkataba unaotaja nani atalipa hasara, na barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka mlinzi.

Lakini masharti yasigeuke mzigo. Vijana wengi wa Tarime wamepitia mgambo, na sungusungu wenyewe walitambuliwa kisheria mwaka 1989. Kijana wa namna hiyo akiambiwa afuate karatasi Dar es Salaam, ataendelea kulinda bila karatasi. Uhakiki wake ufanyike kituo cha polisi cha wilaya, kwa ada ambayo mshahara wake unaimudu.