Wazee wa Yezreeli hawakuuliza swali



Ukirudi nyumbani leo, fungua 1 Wafalme sura ya 21. Tumezoea kuhubiriwa tamaa ya Ahabu na hila za Yezebeli. Mimi nakuomba uwatazame wazee wa mji. Barua iliwafikia ikiwa na muhuri wa mfalme, nao wakafanya kama ilivyoandikwa. Walimfahamu Nabothi, waliishi naye mji mmoja, na shamba lile la mizabibu lilikuwa urithi wa baba zake. Hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza swali.

Bara letu lina Nabothi wake: Wasahrawi wa Sahara Magharibi. Oktoba 16, 1975, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuona umiliki wa Morocco juu ya nchi ile unaoweza kuwanyima wenyeji haki ya kujiamulia mambo yao. Wiki tatu baadaye Mfalme Hassan wa Pili alipeleka huko raia wapatao 350,000, na majeshi yakaingia. Watu wakakimbilia jangwani, hadi Tindouf nchini Algeria. Wako huko mpaka leo, wao, watoto na wajukuu. Kambi wamezipa majina ya miji waliyoiacha. Dakhla yenyewe iko ufukweni mwa Atlantiki. Mtoto wa kambini anazaliwa Dakhla isiyo na bahari. Mwaka 2015 mvua kubwa ziliziangusha nyumba zao nyingi za matofali ya udongo, wakaanza upya.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa uliwaahidi kura ya maoni. Ukaunda ujumbe maalumu wa kuisimamia, na ujumbe huo umeongezewa muda mara nyingi mno. Kura haijapigwa. Fosfeti ya Bou Craa na samaki wa pwani ile havikusubiri kura, vimeendelea kuuzwa.

Nasi je? Tanzania iliitambua jamhuri yao mwaka 1978. Septemba 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Arusha, ilisema wazi kwamba kukaliwa kwa nchi ile kunakwenda kinyume na haki ya Wasahrawi, na kwamba mataifa yana wajibu wa kusaidia kupata suluhisho. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshtakiwa, na haikukutwa na kosa. Jirani pale kanisani kwako ameisikia hukumu hiyo? Sidhani.

Wapo wanaosema wale ni Waislamu kwa Waislamu, wamalizane wenyewe. Eliya Mtishbi hakuwa mtu wa Yezreeli wala hakuwa na shamba pale, lakini yeye ndiye aliyetumwa. Na wengine, tangu Marekani iliporidhia mamlaka ya Morocco mwishoni mwa 2020, wanatuambia tukubali hali halisi. Haya, angalia Eliya alimkuta Ahabu wapi: ndani ya shamba, ameshashuka kulimiliki. Nabothi alikuwa amekufa tayari. Bwana hakuona kwamba kesi imepitwa na wakati.

Asubuhi hii, kwenye maombi, tutaombea amani ya dunia kama kila Jumapili. Mwombe kiongozi wa ibada ataje Tindouf kwa jina. Na mbunge wako akija kusalimia usharika, muulize serikali yetu imefanya nini tangu hukumu ile ya Arusha.