SIHA YA NYUMBANI: Kidole cha Mguu na Shinikizo la Damu



Siku ya tatu baada ya Idi el-Haji, mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Dodoma alikuja kuswali Alfajiri akichechemea. Ilipofika tahiyatu hakuweza kukikunja kidole gumba cha mguu wa kulia. Ikambidi aunyoshe mguu mbele, naye anaona haya. Kidole kilikuwa kimevimba kinang'aa, kina moto, hata shuka ikikigusa usiku hulia. Wako waliosema ni baridi yabisi, na yuko aliyenong'ona kuwa mzee amekanyaga kitu kilichotegwa. Mwanawe akaenda duka la dawa, akarudi na vidonge vya diklofenaki, na mzee akavimeza kwa wiki mbili. Maumivu yakapoa. Lakini mzee huyo ana presha ya miaka mingi, na siku alipokwenda kliniki kupimwa ilisomeka 190 kwa 110.

Hapana hata mmoja wetu aliyewaza kuwa kidole na presha vinajuana. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kueleza habari hiyo.

Maradhi yale ya kidole ni jongo, ambayo siku hizi hospitali huyaita gauti. Asili yake ni takataka moja ya mwili iitwayo asidi ya uriki. Kila chembe ya mwili ina kitu kiitwacho purini, na chembe ikifa purini ile huvunjika ikawa asidi hiyo. Theluthi mbili hivi ya asidi ya uriki tuliyo nayo hutoka humo humo mwilini. Theluthi iliyobaki huletwa na chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuiyeyusha, lakini sisi wanadamu hatuna. Kazi ya kuitoa, kwa sehemu kubwa, ni ya figo. Ikizidi katika damu, kiasi cha kupita miligramu 7 katika kila desilita, huweza kuganda ikawa chembechembe kali kama sindano, nazo hupenda kukaa mahali penye baridi ya mwili kama vile kidole gumba cha mguu.

Sasa presha imeingiaje? Aliyeanza kuuliza ni daktari kijana wa hospitali ya Guy's mjini London, Frederick Akbar Mahomed, mjukuu wa Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna katika Bara Hindi. Katika miaka ya 1870 alikuwa akipima mapigo ya damu kwa chombo alichokitengeneza upya mwenyewe, akaona kuwa watu wengi wenye damu inayosukuma kwa nguvu walitoka katika jamaa zenye jongo. Akadhani kuna sumu katika damu, na asidi ya uriki ikiwa mojawapo. Alikufa mwaka 1884, umri wake miaka 35 tu, na neno lake likakaa karibu miaka mia bila ya kushughulikiwa sana.

Liliporudi, lilirudi kwa nguvu. Mwaka 2008 madaktari wa Texas, Marekani, walitangaza habari ya vijana 30 waliokuwa ndio kwanza wameonekana na presha. Kila mmoja alipewa kwa zamu alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya uriki, na kidonge kisicho na dawa. Walipokuwa katika dawa, presha ya vijana 20 ilirudi mahali pake. Walipokuwa katika kidonge kitupu, ni mmoja tu. Wengi walishangilia. Lakini mwaka 2022 huko Uingereza watu zaidi ya 5,700 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wenye maradhi ya moyo, walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Dawa ile ile haikuwapunguzia mshtuko wa moyo, wala kiharusi, wala kifo. Basi sisi hatuthubutu kumwambia msomaji kwamba asidi ya uriki ndiyo mama wa presha. Twaona yatosha kusema kuwa hawa wawili hupatikana sana katika nyumba moja, na kwamba figo ndiyo mlango wao wote wawili: figo iliyochoka hushindwa kutoa asidi, na hiyo hiyo hushindwa kutoa chumvi, presha ikapanda.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si dogo. Uchunguzi wa mwaka 2012 katika Tanzania ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu. Katika visiwa vya Shelisheli, watu walipopimwa mwaka 1989, kiasi cha theluthi moja ya wanaume walionekana na asidi ya uriki iliyozidi.

Turudi kwa mzee wetu, maana kwake ndiko penye hatari yenyewe. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vya jamii ya thiazaidi, vile vinavyomwendesha mtu haja ndogo. Ni dawa njema na rahisi, imeokoa wengi. Lakini huizuia figo kutoa asidi ya uriki. Na vile vidonge vya maumivu alivyoletewa huzuia maji na chumvi mwilini, hupandisha presha, na huiumiza figo. Hivyo dawa ya presha ilisaidia kukivimbisha kidole, na dawa ya kidole ikaipandisha presha. Mwanawe hakuwa na kosa ila la mapenzi, na muuza duka hakumwuliza mzee anatumia dawa gani nyingine. Hata aspirini ndogo ya kila siku huongeza asidi hii. Wala asije mtu, kwa kusoma haya, akaacha vidonge vyake vya presha: kuviacha ghafla ni kukaribisha kiharusi. La kufanya ni kumwonyesha daktari vyote, vya hospitali na vya dukani, katika mfuko mmoja. Alopurinoli nayo isinunuliwe kwa kusikia, kwani wako ambao huwatoa vipele vya hatari.

Ama chakula, wengi husema jongo ni la wala nyama, na si uongo. Idi ile mzee alikula maini, figo na bandama, na kila asubuhi supu. Mtu wa Dodoma kuambiwa asionje mbuzi wa mnada wa Msalato ni kumwonea. Apunguze, na viungo vya ndani awaachie wengine. Dagaa pia wana purini nyingi. Lakini mlenda, kunde na mchicha visiogopwe, na maziwa husaidia kuitoa asidi. Kitu tunachokisahau ni sukari. Soda tunazowapa watoto kwa kreti siku ya sikukuu zina sukari ambayo ini likiivunja huzalisha asidi ya uriki. Asali ya Manyoni ina sukari hiyo hiyo. Heshima yake katika dini yetu twaijua, ila kijiko si kikombe.

Na maji. Uwanda huu wetu ni mkavu, mvua yake ni ya miezi michache, na upepo wa mwezi wa Agosti humkausha mtu bila ya yeye kuona jasho. Mkojo ukiwa mchache na mweusi, asidi hubaki. Mwenye jongo anywe maji ya kutosha, na katika Ramadhani ayagawe tangu futari hadi daku, isipokuwa aliyekatazwa na daktari kwa ajili ya moyo au figo.

Mzee wetu alipimwa figo na asidi ya uriki, akabadilishiwa kidonge akapewa losatani, ambayo hupunguza presha na asidi kidogo pia. Ijumaa iliyopita kipimo kilikuwa 138 kwa 84. Bado aswali juu ya kiti, mwisho wa safu ya kwanza, na chupa yake ya maji iko chini ya kiti.