Goma: Kati ya wakimbizi na mashirika ya kiutu, ugomvi unaanzia ku listi

Ukiuliza watu waliokaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala ao Rusayo wanafikiri nini juu ya mashirika ya kiutu, wengi hawaanzi na unga wala bashi. Wanaanza na listi. Nani aliandikwa, nani alirukwa, nani alipata jetoni na hakulala mu kambi hata usiku mmoja. Leo makambi hayo makubwa hayapo tena, lakini swali hilo halikubomolewa pamoja na vibanda. Lilifuata watu mpaka Sake, Masisi, Rutshuru, na ndani ya vyumba vya kupanga vya Goma.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya M23 vilianza tena mwishoni mwa 2021. Bunagana ilianguka tarehe 13 mwezi wa sita 2022, kisha Kiwanja na Rutshuru mwezi wa kumi mwaka ule ule. Watu wakashuka kwa miguu mpaka Kanyaruchinya, mu Nyiragongo, na magodoro ku kichwa. Mwaka uliofuata wale wa Masisi wakajaza Bulengo, Lushagala na Rusayo, na mapigano karibu na Sake mwanzo wa 2024 yakaleta wengine. Watu zaidi ya laki tano wakawa wanaishi kuzunguka mji wa Goma, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo kuchimba choo ni shida na shamba halipo. Maji, unga, dawa, hata mti wa kusimamisha kibanda, vyote vilipaswa kutoka kwa mtu mwingine. Ndiyo maana jina kuwa ku listi ao kukosa lilikuwa jambo la kula ao kulala na njaa.

Listi inatengenezwa namna gani? Shirika linapotaka kugawa kitu, linaomba majina. Ku kambi kuna mkubwa ambaye watu wanamuita «prezida», na chini yake wakubwa wa bloki. Hao ndio wanajua nani amefika, nani ameondoka, nani amezaa. Majina yanapelekwa, yanachujwa, mara nyingine maajenti wanapita kibanda kwa kibanda, kisha jetoni zinatolewa. Kati ya siku ya kuandika na siku ya kugawa, wiki zinapita, ao miezi. Mama aliyefika katikati hayumo. Yeye haoni utaratibu wowote. Anaona jirani anarudi na mfuko wa unga, na yeye anarudi mikono mitupu. Hapo hakuna aliyeiba. Lakini machoni pake huo ni wizi, na hakuna mtu anayekuja kumueleza kwamba sivyo.

Ndipo yanatoka yale maneno ambayo kila mkaaji wa Goma ameyasikia: banakula juu ya jina yetu. Maana yake ni kwamba jina la mkimbizi linaombewa feza Ulaya na Marekani, feza zinafika, kisha mwenye jina haoni kitu. Wafanyakazi wengi wa mashirika wanaona maneno hayo kama matusi. Yangepaswa kusikilizwa vizuri zaidi, kwa sababu wizi wa kweli pia umekwisha kutokea, na ulipitia kwenye listi ile ile.

Mwaka 2018 shirika la Mercy Corps liligundua kwamba mu programu yake ya msaada wa haraka, hapa mashariki mwa Congo, kulikuwa watu walioandikwa kama wakimbizi na hawakuwa wakimbizi. Wafanyabiashara, wakubwa wa vijiji na baadhi ya wafanyakazi wa mashirika walikuwa wanapandisha hesabu ya watu, kisha wanagawana feza. Shirika hilo lilipoteza zaidi ya dola laki sita. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jambo hilo halikuwa la shirika moja tu, na mwaka 2020 gazeti la The New Humanitarian lililitangaza kwa dunia nzima. Wengi walisoma habari ile kama ushahidi kwamba wazungu wanakula. Lakini ukiitazama vizuri, inaonyesha kwamba wizi wa namna ile hauwezekani bila mtu wa hapa: anayejua kijiji, anayeaminika na wageni, na anayejua kwamba mkimbizi hatamshitaki kwa sababu kesho atahitaji kuandikwa tena. Hilo halipendezi kusemwa ku radio, kwa sababu wengi wa watu hao ni majirani zetu.

Na halikuanza na vita hivi. Wazee wa Goma wanakumbuka mwezi wa saba 1994, wakati karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Kolera iliua maelfu kwa makumi ya maelfu, na dunia ikaja na ndege zake. Mu makambi ya Mugunga, Kibumba na Katale, wakubwa wa zamani waliotoroka na watu wao, wengine wakiwa na damu ya mauaji ya kimbari mikononi, ndio walishika ugawaji. Walitaja hesabu kubwa kuliko watu waliokuwepo, na kilichozidi kikabaki kwao. Kabla mwaka ule kuisha, tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, liliamua kuondoka likikataa kulisha utawala ule. Wakaaji wa Goma walijifunza jambo wakati huo: mwenye kushika listi ndiye anashika kambi.

Mu 2023 uandikishaji kwa alama za vidole ulifika mu makambi ya Goma. Ulisaidia. Ni vigumu kidole kimoja kuandikwa mara nne. Lakini mashine haijibu maswali. Prezida wa kambi, hata akiwa mwizi, unaweza kumfuata mpaka kwake na kumpigia kelele usiku. Mashine ikikataa kidole cha mama aliyelima miaka thelathini na ngozi imekwisha kwa jembe, anaambiwa arudi siku nyingine, na siku nyingine ugawaji umekwisha.

Tuje kwa wakaaji wa mji, kwa sababu nao wana maoni yao, na si laini. Wanasema wakimbizi wanauza unga wanaopewa, kwa hiyo hawana njaa. Kweli unga ulikuwa unauzwa. Lakini ukipewa unga bila makala ya kupikia, bila chumvi, bila sabuni, na mtoto ana homa, utafanya nini? Utauza nusu. Ku soko la Goma unga ule uliuzwa kwa bei ya chini, na aliyefaidika zaidi ni mnunuzi. Wanasema pia kwamba kuna watu wa Ndosho na Mugunga waliojenga vibanda mu kambi ili waandikwe, na usiku wanarudi kulala kwao. Hilo nalo lilikuwepo. Yafaa kujiuliza tu: mtu wa mji aliyekubali kupiga foleni siku nzima kwenye jua kwa ajili ya mfuko mmoja, alikuwa na nini nyumbani?

Kuna kundi ambalo halikusikika sana: familia zilizopokea. Katika nchi hii wakimbizi wengi hawakai mu makambi, wanakaa kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa moja. Nyumba ya vyumba viwili inapokea watu kumi na wawili, na choo ni kimoja. Jipe za mashirika zinapita mbele ya nyumba hiyo zikielekea kambini. Baba mwenye nyumba haingii mu listi ya wakimbizi, na mgeni wake mara nyingi haingii pia, kwa sababu hayuko mu kambi. Wengine waliondoka mu nyumba zenye paa wakaenda kulala chini ya bashi, ili tu waonekane. Kuna ubaya katika msaada unaomfanya mtu aache paa.

Nguvu ya listi ina upande mwingine, na wanawake ndio wanaujua zaidi. Wasomaji wa Beni na Butembo hawajasahau Ebola ya 2018 mpaka 2020. Tarehe 28 mwezi wa tisa 2021, tume huru iliyoundwa na shirika la afya ulimwenguni, OMS, ilitoa ripoti juu ya wanawake walioombwa ngono ili wapate kazi: ilihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wanafanyia OMS. Toka siku hiyo, kila shirika linabandika mabango ya kukataza unyonyaji. Mabango ni mazuri. Lakini ku Goma, mwanamke ambaye chakula hakimtoshi alilazimika kwenda kutafuta kuni mu mbuga ya Virunga, na huko wenye silaha walimngojea. Mwaka 2023 MSF ilitibu watu zaidi ya 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini, na sehemu kubwa sana ilikuwa mu makambi ya kuzunguka Goma. Ukikosa mu listi, si njaa peke yake inayokufuata.

Basi ongeza MONUSCO. Mwezi wa saba 2022 watu walipovamia majengo yake mu mji, watu walikufa. Kwa mkaaji wa kawaida, gari jeupe lenye herufi UN ni UN. HCR, PAM, UNICEF, MONUSCO, zote zina baba mmoja. Kumueleza kwamba huyu anabeba bunduki na yule anabeba unga, na kwamba MSF si UN hata kidogo, ni kazi ngumu, na kusema ukweli mashirika yenyewe hayakujitahidi sana. Barua zao zinatoka kwa Kifaransa, ao kwa Kingereza, na wanaozungumziwa wanaongea Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinande.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza 2025. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katika siku zile za risasi depo za mashirika ziliporwa. Walioiba hawakutoka mbali wote. Mifuko ya unga ilionekana ikipita ku chukudu mchana kweupe. Tarehe 9 mwezi wa pili, watu wa Bulengo waliambiwa wana saa 72 za kuondoka. Baadaye M23 ilisema kurudi nyumbani ni kwa hiari. Hata hivyo kwa siku chache makambi yakawa matupu: watu walikunja mabashi, waking'oa mbao, wengine wakirudi kwenye vijiji ambavyo nyumba zimeungua. Matangi ya maji, vyoo, vituo vya afya, kazi ya miaka mitatu, vikaenda.

Wakati ule ule feza zilikauka. Tarehe 20 mwezi wa kwanza serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka 2024 Marekani ndiyo ilikuwa imelipa karibu asilimia 70 ya msaada wa kiutu uliofika Congo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki pia. Vijana wa Goma waliokuwa madereva, walinzi, maajenti na wauguzi wa mashirika walirudi nyumbani bila mshahara, na wenye nyumba za dola za Himbi wakaona wapangaji wanaondoka. Wale waliokuwa wakipiga kelele kwamba mashirika yaende, baadhi yao sasa wanauliza yako wapi. Si kwamba wamesahau. Mtu anaweza kukulalamikia na bado akakuhitaji. Mu familia tunajua hilo.

Kinachochochea hasira upya ni hesabu zinazotangazwa. Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, kwenye mkutano wa Paris, walisema zaidi ya euro bilioni 1.5 kwa ajili ya eneo la Maziwa Makuu. Mu Goma watu walisikia ku radio, na kila mtu akaanza kugawanya kichwani. Lakini kutangaza si kulipa. Mwaka 2024 mpango wa kiutu wa Congo uliomba dola bilioni 2.6, na kilichopatikana kilikuwa karibu nusu. Hakuna anayerudi ku radio kusema: tuliahidi hiki, kimefika hiki, kimekwenda hapa. Mtu akisikia bilioni na kuona kikombe cha maharagi, atajaza nafasi iliyobaki katikati kwa neno wizi.

Sasa msaada kidogo uliobaki unawafuata watu kwenye vijiji walikorudi. Hakuna prezida wa kambi tena. Majina yanaandikwa na nyumbakumi, na mkubwa wa kijiji, na kamati zinazoundwa kwa haraka. Mu Sake, aliyerudi, aliyebaki wakati wa vita na aliyekuja kutoka Masisi ya juu wanapanga foleni moja, na kila mmoja ana sababu ya kusema wale wengine hawastahili. Sanduku la malalamiko likiwekwa, mara nyingi linawekwa ku ofisi ya yule yule aliyeandika majina, na linaomba barua kwa mtu asiyejua kuandika. Listi ingesomwa kwa sauti mbele ya watu kabla ya ugawaji, jina kwa jina, kila mtu akaruhusiwa kusema huyu simjui ao huyu mmemsahau, kazi hiyo ingechukua asubuhi moja. Makanisa yanafanya hivyo kwa ndoa kila Jumapili.