Mistari ya Lei katika Mchezo Wetu wa Ngano



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta mabishano makubwa muhula huu katika chama chetu cha mchezo wa ngano. Najua wako wazazi watakaosoma habari hizi ambao hawajapata kuuona mchezo wenyewe, kwa hiyo nitaanza kwa kuueleza.

Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye ndiye aliyeitunga nchi ya ngano na kuichora ramani yake. Wengine kila mmoja hujitwalia mtu wa kumwiga: huyu askari, huyu mganga, yule mwizi. Msimulizi hueleza yanayowapata njiani, nao hujibu watakalofanya, kisha dadu huamua kama wamefaulu au wameshindwa. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Sisi hatuna vitabu vingi. Tuna daftari, penseli, na dadu tulizochonga wenyewe.

Mabishano yalianza msimulizi wetu alipopiga katika ramani mistari saba iliyonyoka kwa rula. Akasema mchawi akisimama juu ya mstari nguvu zake huzidi mara mbili, na mahali mistari inapokatana huzidi mara nne. Siku ya kwanza tulifurahi sana. Baada ya majuma matatu mchezo ulikufa, maana kila mtu alitaka kukaa pale mistari inapokatana, wala hakuna aliyetaka kwenda kokote. Basi wenzangu wengine wakasema mistari yote ifutwe. Mimi nasema isifutwe, ila tuitumie kwa akili.

Kwanza tujue asili yake. Alikuwako Mwingereza mmoja, Alfred Watkins, mtu wa mji wa Hereford, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufa mwaka 1935. Alikuwa mfanya biashara na mpiga picha hodari. Tarehe 30 Juni, 1921, akiwa katika jimbo lake, alitazama ramani akaona kama kwamba vilima, mawe ya kale, makanisa ya zamani na vivuko vya mito vimekaa katika mistari iliyonyoka. Mistari hiyo akaiita lei, akaandika habari zake mwaka 1922, na tena mwaka 1925 katika kitabu kiitwacho The Old Straight Track. Lakini angalieni neno hili: Watkins hakusema kwamba mistari ina nguvu za ajabu. Yeye alidhani ni njia za watu wa kale, walizopita na bidhaa zao kama vile chumvi.

Habari ya nguvu iliongezwa na wengine. Mwaka 1936 Dion Fortune aliitia katika hadithi yake ya kubuni, na mwaka 1969 John Michell akaieneza katika kitabu The View Over Atlantis. Kutoka huko ikaingia katika michezo. Katika Rifts, mchezo wa Kevin Siembieda wa mwaka 1990, mistari ya lei huenea duniani kote, na inapokatana milango hufunguka kwenda dunia nyingine. Basi yule msimulizi wetu hakubuni kitu kipya. Alichukua kilichokwisha chukuliwa mara nyingi, akaacha nyuma sehemu iliyo bora, nayo ni njia.

Je, mistari hiyo ni ya kweli? Wataalamu wa mambo ya kale hawakukubali. Walisema mtu mwenye mzigo hapandi mlima na kuvuka tope kwa ajili ya kunyoosha njia tu. Tena liko jambo la hesabu. Chukua karatasi kubwa, umwage maharagwe 50 ovyo ovyo. Ukiyachagua matatu matatu, utapata mafungu 19,600. Katika mafungu mengi hivyo, itakuwaje yasiwepo yaliyokaa sawasawa? Tulijaribu darasani, tukapata hata mistari ya maharagwe manne na matano, wala hakuna mtu wa kale aliyeyapanga. Pia katika ramani ambayo sentimita 1 ni mita 500, mstari wa penseli wenye unene wa milimita 1 hufunika mita 50 za ardhi. Katika upana huo hutakosa kugusa kitu.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililotupata. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa akitutazama tukicheza alichukua ramani ya wilaya yetu, akapiga mstari kutoka kilimani hadi msikitini hadi kisima cha zamani, akaenda nyumbani akawaambia wazee wake kwamba shamba lao limo katika mstari wa nguvu. Baba yake alikuja shuleni kuuliza watoto wanafundishwa nini. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwalimu mlezi wetu ametupa muda hadi mwisho wa muhula tuonyeshe faida ya chama chetu, la sivyo kitafungwa. Kosa halikuwa la yule mdogo wetu. Lilikuwa letu sisi wakubwa, tuliomwonyesha mstari tusimwonyeshe maharagwe.

Sasa niseme namna ninavyoona mistari itumiwe. Tazama njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hata Ujiji. Haikunyoka. Ilifuata maji na chakula. Ilipofika Ugogo, nchi kavu, watemi wa Kigogo ndio waliokuwa na visima, na msafara usiolipa hongo ya nguo na shanga haukupita kwa amani. Siku hizi neno hongo lina aibu, lakini siku zile lilikuwa ushuru wa mwenye nchi. Kwa hiyo habari za njia ile zimejaa watu: wapagazi, wafanya biashara, watemi, wenye kuuza nafaka, na ugomvi juu ya maji. Mstari wa ngano nao uwe hivyo hivyo. Mstari usio na Ugogo wake ni bomba tu.

Natoa mashauri matatu. La kwanza, kila mstari uwe na sababu. Msimulizi ajue ni nani aliyeuweka, au ni mto gani uliokauka ukaacha nguvu zake chini ya mchanga, hata kama wachezaji hawatajua kamwe. La pili, mstari uwe na wenyewe. Anayetaka nguvu za pale akutane na mwenye kisima, amlipe, amsihi, ama agombane naye; hapo mchezo utarudi kuwa na safari na maneno. La tatu, mstari uwe na gharama. Anayeteka nguvu upande huu awapunguzie walio mbele, ili mchezaji ajiulize kama ni halali kijiji cha chini kikauke kwa ajili ya uganga wake. Swali hilo ni kubwa kuliko dadu yo yote.

Na nje ya meza iwe sheria moja: tuchore ramani za nchi tulizozibuni wenyewe tu. Tusipige mistari juu ya makaburi ya watu, misikiti, makanisa, wala mashamba ya jirani. Na kila mgeni anayejiunga nasi amwage maharagwe kwanza, ahesabu mistari yake, ndipo ashike dadu.

Wako watakaosema kwamba kumwonyesha mtu maharagwe ni kumharibia utamu wa ngano. Mimi sikubali. Bibi zetu walitusimulia habari za sungura na fisi tukacheka sana, wala hatukumwamkia sungura asubuhi. Anayejua kwamba hadithi ni hadithi ndiye anayeweza kuifurahia bila hofu. Namwomba yule mzazi, na wazazi wengine, waje siku ya mwisho wa muhula watutazame tukicheza. Maharagwe tutakuwa nayo mezani.

Mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Nne.