Salfa kwenye dizeli: namba ndogo inayogusa mapafu ya Batsinda

KIGALI. Moshi wa basi linalopanda Batsinda likiwa na abiria tele unaweza kutokana na injini chakavu, au na mafuta yaliyomo kwenye tangi. Jicho haliwezi kutofautisha. Maabara inaweza.

Tangu Januari 2015, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, yaani miligramu 50 katika kila kilo ya mafuta. Petroli imewekewa 150. Kwa tangi la lita 200 za dizeli, kikomo hicho ni salfa ya zaidi kidogo ya gramu 8. Kingekuwa 500, zingekuwa gramu 84 kwa safari zilezile.

Salfa hiyo ikiungua hutoa gesi inayowasha koo na chembe ndogo zinazoingia ndani ya mapafu. Huharibu pia vifaa vya kusafisha moshi kwenye magari mapya. Serikali ikidai magari safi bila mafuta safi, inapoteza fedha na muda.

Rwanda haina bandari ya bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta. Dizeli yake hupitia Dar es Salaam au Mombasa. Kwa hiyo hewa ya Batsinda huanza kulindwa kwenye matangi ya pwani, katika nchi nyingine, na hapo ndipo kiwango cha pamoja kina maana: kila nchi ingekuwa na namba yake, mafuta machafu yangetafuta mpaka uliolegea.

Hata hivyo, cheti cha bandarini hakitoshi. Njiani kuna malori, maghala na vituo, na tamaa ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo yanaruhusiwa kuwa na salfa nyingi zaidi. Mchanganyiko huo haujulikani kwa rangi wala harufu pekee. Sampuli hupigwa miale ya eksirei, kisha mashine husoma miale inayorudishwa na salfa.

Ulaya ilishashuka hadi 10 mwaka 2009. Jumuiya, ambayo sasa ina wanachama wanane, itahitaji kufuata. Lakini kabla ya kuandika namba mpya, ihakikishe hii ya 50 inapimwa hadi kwenye pampu ya mwisho, na matokeo yanatangazwa kwa wanaovuta moshi huo.