Mali bila daftari: Pamukkale ina la kutwambia Wapwani

Mjadala wa hoteli za ufuoni hauishi huku kwetu. Vijana wanataka kazi, wavuvi wanataka njia ya kufikia bahari, na mwenye kujenga anataka ukuta. Nilipozuru Pamukkale, karibu na mji wa Denizli huko Uturuki, nilikuta watu waliokwisha pitia mjadala kama huu na kulipa gharama yake.

Pamukkale maana yake ni ngome ya pamba. Kwa mbali mlima ni kama umepakwa chokaa, na kweli ni chokaa. Maji ya moto, yapata nyuzi 35, hutoka ardhini yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu, gesi ya kaboni huyatoka, na chokaa hubaki nyuma, kwanza laini kama uji, kisha ikawa jiwe jeupe. Ndivyo vilivyojengeka vidimbwi vile, ngazi juu ya ngazi. Ukiyakata maji, weupe nao hufifia.

Na yalikatwa. Hoteli zilijengwa kule juu, kwenye magofu ya mji wa kale wa Hierapolis, zikayavuta maji ya chemchemi kwenye mabwawa yao ya kuogelea. Barabara ya magari ikapitishwa kwenye mteremko wenyewe. Mgeni alivutwa na weupe, na starehe yake ndiyo iliyouchafua.

UNESCO iliitia Pamukkale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Miaka ya 1990 hoteli zile zikabomolewa, na ile barabara ikafunikwa kwa vidimbwi vya kutengenezwa. Leo maji hugawiwa kwa zamu: sehemu hii ikinyweshwa, ile huachwa ikauke. Sisi wageni tulivua viatu tukavishika mkononi, na aliyekanyaga pasiporuhusiwa alipigiwa firimbi. Malazi yako chini, katika vijiji vya Pamukkale na Karahayıt. Kwa hivyo hoteli ziliondoka mlimani, lakini riziki ya wageni haikuondoka.

Sisi tuna Mji wa Kale wa Lamu katika orodha hiyo hiyo tangu 2001, na Fort Jesus tangu 2011. Tuna mikoko na matumbawe, ambayo hayaandikwi kwenye bei ya chumba ilhali ndiyo yanayomleta mgeni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sipingi hoteli, ndugu zetu wengi wanakula kupitia kwazo. Ninachotaka ni daftari lisomwe mbele ya wenyeji kabla ya kibali kutoka: maji yatatoka kisima gani, maji machafu yataelekea wapi, na mvuvi atapita wapi na nyavu zake. Kubomoa baadaye kunawezekana, Waturuki wamethibitisha. Lakini jiwe lile hukua polepole mno, na matumbawe yetu vivyo hivyo.