Tamko: Sheria Iliyompa Msichana Sodo Impe na Somo

Sisi wazazi na walimu wa shule za umma nchini Kenya, tuliojiunga katika chama kimoja, tunatoa tamko hili kwa Bunge la Taifa, kwa Seneti na kwa kila mwananchi mwenye mtoto shuleni.

Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 39 kikaongezewa wajibu mpya wa serikali: kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo, za kutosha na zenye ubora, pamoja na mahali salama pa kuzitupa. Tulishangilia, na hadi leo tunaishukuru hatua hiyo, hata pale sodo zinapochelewa.

Lakini sheria ilikomea kwenye pakiti. Mwalimu mmoja, mwanachama wetu, alimkuta msichana wa Gredi ya 6 amejifungia chooni tangu mapumziko ya saa nne, sweta kalifunga kiunoni. Sodo zilikuwa zimejaa stoo, hatua chache kutoka pale. Mtoto hakujua aombe nini. Alidhani ameumia tumboni, akamsihi mwalimu asimwambie mamake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siku hiyo ingefika.

Wavulana anaosoma nao hawakutajwa kabisa katika marekebisho hayo ya 2017, ilhali hakuna mimba ya mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya (KDHS) wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Pokot Magharibi ni asilimia 36. Samburu ni 50: nusu ya wasichana wa rika hilo katika kaunti nzima!

Tunaijua hofu ya somo la afya ya uzazi iliyopo misikitini, makanisani na majumbani, kwa kuwa sisi wenyewe ni waumini na tuna watoto. Mzazi hataki mwanawe afundishwe ya wakubwa kabla ya wakati, na ana haki. Ndiyo maana tunadai sheria, wala si mwongozo wa wizara unaoweza kubadilika akija waziri mwingine. Mswada hujadiliwa hadharani. Mzazi hupata nafasi ya kusema lipi lifundishwe, na katika umri upi. Simu na marafiki wa mtaani, ambao ndio walimu wa somo hili kwa sasa, hawamuulizi mzazi yeyote.

Wala somo kama hili kuwekwa katika sheria si jambo geni. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 iliagiza elimu ya VVU ifundishwe shuleni, na Ibara ya 43 ya Katiba inaitaja afya ya uzazi katika haki ya kila mtu ya kupata huduma za afya.

Kwa hiyo tunaliomba Bunge lirudi kwenye kifungu hicho hicho cha 39, liandike kwamba serikali itatoa elimu ya afya ya uzazi inayolingana na umri, kwa wasichana na wavulana, kuanzia kabla ya kubaleghe. Kwamba walimu watafunzwa kazi hiyo. Na kwamba wazazi wataonyeshwa vitabu kabla havijafika darasani.

Nawe mzazi, mwambie mbunge wako msimamo wako. Na usiingoje sheria: jioni ya leo mkalishe mwanao, wa kike au wa kiume, uzungumze naye.